Baiskeli ni chombo, na anayeiendesha ni dereva: sheria inavyokutazama kwenye barabara za Mombasa

"Haina namba, haina leseni, haina bima, kwa hivyo haina sheria." Maneno haya utayasikia Mwembe Tayari, utayasikia sokoni Kongowea, utayasikia kwa wauza madafu na wachukuzi wa mikate, na hata kwa makanga wa matatu anayemfokea mwenye baiskeli ampishe. Nusu ya kwanza ni kweli tupu. Nusu ya pili ndiyo inayowaponza watu, maana anayeiamini huja kuujua ukweli siku ambayo mtu amekwisha kulazwa hospitali ya Makadara na polisi wameshaanza kuandika maelezo.

Mji huu unategemea baiskeli kuliko unavyokiri. Maziwa ya asubuhi, samaki wa kutembezwa mitaani, mikate ya madukani, fundi anayetoka Jomvu kwenda kazini Shimanzi: riziki zote hizo huja juu ya magurudumu mawili, kwenye lami ileile inayopitwa na trela za kontena kutoka bandarini. Watu hawa wana haki zao na wana mzigo wao wa kisheria, na wengi hawajaelezwa lolote kati ya hayo mawili. Ndiyo maana naandika.

Makundi mawili

Sheria kuu ya barabara nchini Kenya ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, iliyotungwa mwaka 1953 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo. Ukiisoma kwa makini utaona inazungumzia makundi mawili yanayofanana kwa mbali. Kundi la kwanza ni kubwa: chombo. Humo mna kila kitu kinachotumika kubeba mtu au mzigo barabarani, liwe lori, trela, tuktuk, mkokoteni au baiskeli. Kundi la pili ni dogo na limo ndani ya lile la kwanza: chombo cha mota, yaani kinachosukumwa na mtambo. Baiskeli ya kukanyaga pedeli imo katika kundi la kwanza, haimo katika la pili.

Kisha sheria inamweleza dereva. Dereva ni mtu yeyote anayeendesha, anayeongoza au aliyekishika chombo, au hata mnyama, mikononi mwake barabarani. Kwa maana hiyo hamali anayevuta mkokoteni wa maji ni dereva. Mwenye punda wa kubeba mchanga ni dereva. Na wewe uliyekaa juu ya kiti cha baiskeli, mguu mmoja chini ukisubiri nafasi ya kuvuka, ni dereva.

Barabara nayo imepewa maana pana. Si lami ya serikali peke yake. Njia yoyote ambayo umma unaruhusiwa kuingia na chombo kinaweza kupita inahesabiwa, hata kiwanja cha kuegesha magari, gati au njia ya miguu. Kwa hiyo anayedhani kwamba vichochoro vya Mji wa Kale viko nje ya sheria kwa sababu ni vyembamba na hakuna polisi wa trafiki amesimama Kibokoni, afikirie tena. Pikipiki hupita pale, watu wote hupita pale. Hiyo ni barabara.

Ukishayashika makundi haya mawili, maswali mengi yanajijibu yenyewe. Kila unapokutana na kanuni, uliza: imeandikwa kwa ajili ya chombo chochote, au kwa ajili ya chombo cha mota tu?

Leseni ya udereva inadaiwa kwa mwenye kuendesha chombo cha mota. Mwenye baiskeli haihitaji, na hakuna ofisa mwenye haki ya kumkamata kwa kukosa kitu ambacho sheria haikumtaka awe nacho. Usajili na namba ni hivyo hivyo. Bima ya lazima, chini ya Sheria ya Bima ya Magari (madai ya watu wa tatu), Sura ya 405, ni ya vyombo vya mota. Kofia ngumu na jaketi la riflekta, vilivyotiliwa mkazo katika marekebisho ya mwaka 2012, vinamhusu mwendesha pikipiki na abiria wake. Lile kosa la kuendesha ukiwa umelewa, kama lilivyoandikwa katika kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, nalo linataja chombo cha mota.

Hapo ndipo watu husimama wakashangilia. Lakini wajibu wa kumtii ofisa wa polisi aliyevaa sare anapokuelekeza, na wajibu wa kufuata ishara za barabarani, uko katika kifungu cha 52, na kifungu hicho kinamtaja dereva wa chombo, bila kusema mota. Taa nyekundu ni yako. Alama ya kusimama ni yako. Barabara ya kwenda upande mmoja katikati ya mji ni ya upande mmoja kwako pia, hata kama duka unalolipelekea mikate liko mita 40 tu nyuma yako na kuzunguka kunakula dakika tano. Naijua hasira ya dakika hizo tano kwa mtu anayelipwa kwa kreti. Sheria haiijui.

Upande wa kushoto, na kwa nini ni muhimu kuliko yote

Kama ningeruhusiwa kumwambia kila mwendesha baiskeli wa Mombasa jambo moja tu, lingekuwa hili: kaa kushoto na uende na magari, usiende ukiyakabili.

Kuna mafunzo ya zamani yanayowachanganya wengi. Tangu shule ya msingi tumeambiwa kwamba mwenda kwa miguu, mahali pasipo na njia yake, atembee akitazamana na magari ili ayaone yanapokuja. Ushauri huo ni sahihi kwa mwenda kwa miguu. Mtu akipanda baiskeli na kuubeba ushauri uleule, anakuwa dereva anayekwenda kinyume. Hao ndio unaowaona jioni kutoka Buxton kuelekea Nyali, wakiambaa na ukingo wa lami upande usio wao, wakiamini kwa dhati kwamba wanajilinda.

Tazama hesabu yake. Kikomo cha mwendo mjini ni kilomita 50 kwa saa. Baiskeli yenye mzigo huenda kama kilomita 15. Mkienda upande mmoja, gari linakukaribia kwa tofauti ya mwendo wenu, yaani kilomita 35 kwa saa, ambayo ni kama mita 10 kwa sekunde. Mkikabiliana, miendo inajumlishwa: kilomita 65 kwa saa, mita 18 kwa sekunde. Dereva aliyekuona mita 36 mbele ana sekunde mbili za kuamua, na wewe huna pa kwenda isipokuwa mtaroni. Tena anayetoka barabara ndogo akikata kushoto kuingia barabara kubwa hutazama kulia, kule magari yanakotoka. Hatazamii kwamba kuna mtu atatokea kushoto kwake.

Na ikitokea ajali, swali la kwanza atakalouliza wakili wa kampuni ya bima ni upande gani ulikuwa. Kila kitu kingine kitafuata jibu hilo.

Kukaa kushoto hakumaanishi kujibana kwenye changarawe na mashimo. Wewe ni dereva mwenye haki ya kuwa juu ya lami. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu trafiki ya barabarani, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2009, unamtaka anayempita mwingine amwachie nafasi ya kutosha ubavuni. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 2(6), inasema mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Dereva wa matatu anayekupita kwa upana wa kiganja kisha akakukatia mbele ili aingie stegi si mjanja, ni mkosaji, na haki yako juu ya lami si hisani yake.

Mkataba huohuo, katika kifungu cha 27, unamkataza mwendesha baiskeli mambo ambayo tunayaona kila siku: kuachia usukani kwa mikono yote miwili, kukokotwa na chombo kingine, na kubeba, kukokota au kusukuma mzigo unaomzuia kuendesha sawasawa au unaohatarisha wengine. Hilo la kukokotwa naliona Changamwe kwenye mlima, vijana wameshika nyuma ya trela ili lisaidie kuvuta. Dereva wa trela hawaoni. Akikanyaga breki ghafla hakuna sheria wala dawa itakayowafaa. Kuhusu mzigo, sheria haikuchukii kwa kubeba madafu. Inauliza kama unaweza kugeuza usukani, kutazama nyuma na kusimama. Mwenye kreti zilizofika usawa wa kichwa, asiyeweza kugeuza shingo, ajue kwamba siku ya kesi picha ya mzigo ule itazungumza.

Taa na breki

Hapa sitakawia. Mombasa giza huingia saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima, saa ileile ambayo viwanda na bandari hutoa watu. Kipimo cha mkataba kwa baiskeli zinazovuka mipaka ni kipimo kinachofaa kwa baiskeli yoyote: breki inayoshika, taa nyeupe au ya manjano mbele, taa nyekundu na riflekta nyekundu nyuma, na kengele inayosikika. Mkataba unaongeza kwamba baiskeli isiwe na king'ora kingine zaidi ya kengele, jambo ambalo wale waliofunga honi za umeme zinazolia kama za basi wangefaa kulijua. Riflekta ni vitu vya bei ndogo sana kwa fundi. Isiyokuwa nayo haionekani kwa dereva wa lori hadi awe karibu mno, na mahakamani kutoonekana gizani huhesabiwa kuwa sehemu ya kosa lako.

Usipokuwa na bima, bima ni mfuko wako

Narudi kwenye yale makundi mawili, kwa sababu hapa ndipo yanapouma. Tumeona kwamba makosa kadhaa ya Sheria ya Trafiki yameandikwa kwa ajili ya vyombo vya mota. Je, mwenye baiskeli aliyeshuka mlima kwa kasi, breki hazishiki, akamgonga bi mkubwa anayevuka na kumvunja nyonga, hana kosa la jinai?

Analo. Liko katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 243. Kifungu hicho kinamtia hatiani mtu anayeendesha chombo chochote, au anayepanda katika njia ya umma, kwa pupa au uzembe kiasi cha kuhatarisha maisha ya binadamu au kuelekea kumdhuru mtu. Hakuna neno mota pale. Adhabu yake, kwa kuwa kifungu chenyewe hakikutaja adhabu mahsusi, inatoka katika kifungu cha 36: kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Mtu akifa, mlango wa mashtaka ya kuua bila kukusudia hauko mbali. Na yule aliyefurahi kwamba kifungu cha pombe hakimhusu aelewe kwamba kuyumba barabarani ukiwa umelewa ni ushahidi tosha wa pupa inayozungumziwa hapa.

Kisha kuna fidia, ambayo ni jambo tofauti na jinai. Jinai ni kati yako na serikali. Fidia ni kati yako na uliyemuumiza. Gari likimgonga mtu, mara nyingi anayelipa mwishowe ni kampuni ya bima, hadi shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja kwa mujibu wa Sura ya 405. Baiskeli ikimgonga mtu, hakuna kampuni nyuma yako. Hukumu ikitoka inatoka dhidi yako wewe, mshahara wako, mali yako. Huu ndio upande wa pili wa ule uhuru wa kutokuwa na bima, na nasikitika kwamba watu huambiwa upande mmoja tu.

Kama baiskeli ni ya mwajiri, na ulikuwa unafanya kazi yake, mwajiri naye anaweza kushtakiwa pamoja nawe. Wenye maduka ya mikate na maghala wanaowapa vijana baiskeli zisizo na breki walizingatie hili.

Ukigongwa wewe

Sasa tugeuze. Mara nyingi zaidi mwenye baiskeli ndiye anayeumia. Barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na wengi wao ni watu wasio na bati la kuwakinga: waendao kwa miguu, wenye pikipiki, wenye baiskeli.

Gari likikugonga, wewe ni yule anayeitwa mtu wa tatu katika bima ya gari. Bima hiyo ni ya lazima kwa kila gari kwa ajili yako hasa. Kwamba wewe huna bima hakuondoi haki yako ya kudai, na asikudanganye mtu.

Kitakachopunguza haki yako ni uzembe wako mwenyewe. Sheria ya Kenya, kupitia Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, inamruhusu hakimu kugawanya lawama. Chukua mfano wa mahali kama Makupa: trela limesimama likingoja kukata kushoto, taa ya ishara inawaka, na mwenye baiskeli anaona mwanya kati ya trela na ukingo wa barabara. Anajipenyeza. Trela linaanza kukata, magurudumu ya nyuma yanafuata njia ya ndani zaidi kuliko ya mbele, mwanya unafunga. Dereva ana lawama kwa kutotazama kioo cha kushoto. Mwenye baiskeli ana lawama kwa kuingia mahali alipoonyeshwa wazi kwamba chombo kinageuka. Tuseme hakimu anakadiria majeraha kuwa ya shilingi 500,000 na kumpa mwenye baiskeli asilimia 40 ya lawama. Ataondoka na 300,000. Zile 200,000 amezilipia ule mwanya. Na huyo ndiye aliyebahatika kuondoka hai, kwa hiyo ushauri wangu hauna sharti: nyuma ya trela linalokata kona, subiri.

Wengi huamini kwamba dereva akishapatikana na hatia katika kesi ya trafiki, fidia ni kamili. Si hivyo. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema hukumu ya hatia iliyo ya mwisho ni ushahidi usiopingika kwamba aliyehukumiwa ana hatia ya kosa lile. Hawezi kuja mahakama ya madai akasema hakuwa mzembe. Lakini Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza mwaka 1971, katika kesi ya Robinson dhidi ya Oluoch, kwamba hukumu hiyo haimzuii kusema kuwa na mwenzake alichangia. Mahakama zetu bado huifuata kauli hiyo. Kwa hivyo hata dereva akiwa amefungwa, upande uliokuwa, taa uliyokosa na mzigo uliobeba bado vitajadiliwa.

Na kofia? Sheria ya Kenya haimlazimishi mwenye baiskeli. Uingereza nako haimlazimishi, lakini katika kesi ya Smith dhidi ya Finch, mwaka 2009, jaji alikubali kwamba kutovaa kofia kunaweza kupunguza fidia ya mwenye baiskeli, ila katika kesi ile mdaiwa alishindwa kuthibitisha kwamba kofia ingesaidia. Hukumu za Uingereza haziwafungi mahakimu wetu, ila mawakili huzitaja, na mahakama huzisikiliza. Mimi ningevaa kwa sababu ya fuvu, si kwa sababu ya Finch.

Mara tu baada ya ajali, wajibu ni wa wote wawili: simama, toa jina na anwani, msaidie aliyeumia, ripoti polisi. Ukiwa umelala chini, mwombe mtu akuandikie namba ya gari, kwa kuwa namba hiyo ndiyo inayompata mwenye gari na kampuni yake ya bima. Omba namba ya OB (daftari la matukio) kituoni, kisha abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ripoti ya ajali, kisha fomu ya P3 ya majeraha ijazwe na daktari. Tunza kila stakabadhi ya hospitali, hata ya dawa za shilingi 200. Piga picha baiskeli kabla fundi hajainyoosha. Huku Pwani tuna tabia ya kumalizana palepale kwa wazee na kwa maneno mazuri, na ni tabia njema kwa mgongano wa tairi. Lakini aliyegongwa kichwa leo anaweza kuanza kuumwa wiki ijayo, na aliyepokea shilingi 3,000 akatia saini karatasi kwamba hana dai tena amejifungia mlango mwenyewe. Kwa mujibu wa sheria ya ukomo wa muda wa kudai, Sura ya 22, dai la majeraha ya uzembe lina miaka 3 tangu siku ya ajali. Kampuni ya bima nayo lazima ipewe ilani mapema, jambo ambalo wakili anatakiwa kulishughulikia, na wewe unatakiwa kumuuliza kama amelishughulikia.

Njia za miguu, madaraja na feri

Kosa la kuendesha juu ya njia ya waendao kwa miguu, ambalo faini yake ya papo hapo ni shilingi 5,000, liliandikwa likilenga magari na pikipiki zilizokuwa zikiwatoa watu kwenye njia zao. Mwenye baiskeli asilichukue kama ruhusa. Ukimgonga mtu mahali palipojengwa kwa ajili ya miguu yake, utakuwa na kazi kubwa ya kueleza ulikuwa unatafuta nini pale, na kile kifungu cha 243 kinakungoja.

Nasema hivyo nikijua kwamba barabara zetu nyingi hazikumtengea mwenye baiskeli hata nusu mita. Daraja la Nyali lina njia kadhaa za magari, upepo wa bahari unakusukuma ubavu, na pembeni kuna njia ya miguu inayovutia. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya barabara za kaunti, taa za mitaani, trafiki na maegesho. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya mamlaka za kitaifa. Kwa hivyo anayetaka njia ya baiskeli lazima kwanza ajue barabara ni ya nani, kisha apeleke dai kwa mwenyewe, na vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti ni mahali halali pa kulisema. Wenye baiskeli hawaonekani katika vikao hivyo. Wangefika, wangesikika.

Mpaka njia hizo zijengwe, lipo jawabu rahisi: shuka, sukuma. Mwaka 1980, katika kesi ya Crank dhidi ya Brooks, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba mtu anayeisukuma baiskeli yake kwenye kivuko cha pundamilia ni mwenda kwa miguu, mwenye haki zote za mwenda kwa miguu. Ni hoja yenye akili na sioni kwa nini hakimu wa Mombasa aikatae. Likoni, katika ule umati unaoteremka kuelekea feri, kushuka ni jambo la lazima hata bila sheria. Breki ikikatika kwenye mteremko ule hakuna nafasi ya kukosea bila kumpata mtu.

Ukikamatwa

Polisi anaweza kukusimamisha, kukuuliza na kuikagua breki yako. Ukikamatwa, ibara ya 49 ya Katiba inakupa haki ya kuambiwa mara moja sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Ibara hiyohiyo inakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Uliza, kwa adabu, kosa ni lipi na limo katika sheria gani. Usilipe chochote kisicho na stakabadhi.

Kwa watoto, Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hana dhima ya jinai, na aliye chini ya 14 anadhaniwa hajui kupambanua jema na baya hadi ithibitishwe vinginevyo. Hilo linamkinga na mashtaka. Halimkingi na tuktuk, wala halimwondolei mzazi lawama ya kumtuma dukani usiku na baiskeli isiyo na taa.

Baiskeli za umeme

Limebaki swali jipya, na linazidi kuja kadiri baiskeli za betri zinavyoonekana Nyali na Bamburi. Mkataba wa Vienna unaieleza baiskeli kuwa chombo kinachosukumwa na nguvu za misuli ya binadamu pekee. Sheria ya Trafiki nayo inasema chombo cha mota ni chochote kinachosukumwa kwa mtambo. Baiskeli inayokwenda kwa kugeuza kishikio bila miguu kukanyaga inaangukia wapi? Kwa usomaji wangu wa maneno hayo, inavuka kutoka kundi kubwa na kuingia lile dogo, na hapo ndipo usajili, leseni, bima na kofia vinapoingia vyote kwa pamoja. Muuzaji anayekwambia "hii ni baiskeli tu, haidai chochote" anazungumza kama muuzaji. Kabla hujatoa pesa, mwombe karatasi zinazoonyesha nguvu ya mota na kama pedeli peke yake zinaweza kuiendesha, nenda nazo katika ofisi ya NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, na utake jibu lililoandikwa.